Mbiu ya Dokta Matthew

Lori linalopakia mzigo bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hukata zaidi ya kilomita 900 kabla halijafika Tunduma. Linapita Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya, linahangaika na mlima Senjele, linaipita Vwawa, na likikaribia Mpemba linaanza kukanyaga breki kwa sababu mkia wa foleni umeshaonekana. Hapo dereva na utingo wake wanaweza kulala siku moja, mbili au zaidi wakisubiri makaratasi. Watakula kwa mama lishe, wataoga nyumba ya wageni, watabadili shilingi wapate kwacha, watapiga soga na wenzao waliotoka Kongo jana. Kisha watavuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia, na nafasi yao kwenye foleni itachukuliwa na wengine.

Katika kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia tarehe 5 Oktoba 2019, msafiri anakutana na watu wa uhamiaji, wa forodha na polisi. Anakutana pia na afisa afya. Huyu hana bunduki wala mhuri wa kuogopesha. Ana kipimajoto, daftari na maswali mawili matatu: unatoka wapi, umepitia wapi, unajisikiaje. Wengi humjibu huku wanatembea. Ila siku ugonjwa ukishuka na basi la usiku, yeye ndiye atakayesogeleana nao wa kwanza. Baada yake atafuata muuguzi wa zamu wa kituo cha afya, kisha daktari wa Vwawa au wa Mbeya.

Watu wa kazi hiyo wana mwenzao wanayepaswa kumjua. Jina lake ni Matthew Lukwiya, daktari wa Kiacholi wa Hospitali ya St. Mary's Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda. Alifariki dunia tarehe 5 Desemba 2000 kwa ugonjwa ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeupigia mbiu. Wenzake walimwita Dokta Matthew. Habari zake zinafaa kusimuliwa Tunduma kuliko miji mingi, maana mji unaokula kwa foleni ya malori unaishi pia kwa uangalifu wa watu kama yeye.

Mtoto wa Kitgum

Alizaliwa Kitgum mwaka 1957. Baba yake, muuza samaki, alikufa maji Matthew akiwa na miaka 12, na mama akabaki na watoto wa kiume wanne wa kuwalisha kwa biashara ndogondogo. Inasimuliwa kwamba mama huyo alijaribu kumfundisha mwanawe kazi ya magendo: kupakia majani ya chai kwenye baiskeli, kuvuka mpaka wa Sudan, na kurudi na sabuni. Mtu wa Tunduma hahitaji maelezo zaidi ya hapo. Kijana lakini alikuwa na kichwa chepesi darasani kuliko mguu mwepesi kwenye baiskeli. Aliongoza kila shule aliyopita, akafika Chuo Kikuu cha Makerere, akatoka daktari.

Mwaka 1983 alikwenda Lacor kufanya mazoezi ya kazi. Hospitali hiyo ilikuwa imeanzishwa na wamisionari wa Kikomboni mwaka 1959, na tangu 1961 iliendeshwa na mume na mke: Piero Corti, Mwitaliano, na Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada. Hawakuchukua muda kumsoma kijana huyu. Ndani ya miezi michache waliona kwamba mtu wa kuwarithi amepatikana, naye ni mwenyeji.

Kurithi Lacor hakukuwa kurithi raha. Vita vya kaskazini vilifuata, na baadaye Joseph Kony na jeshi lake la waasi wakaifanya Gulu mahali ambapo mtoto hawezi kulala kwao. Lucille alikuwa akipasua majeruhi wa vita usiku na mchana, na vipande vya mifupa ya majeruhi hao vilimkata vidole tena na tena. Kwa njia hiyo akapata virusi vya Ukimwi. Aliendelea na upasuaji kwa miaka mingi, akafa tarehe 1 Agosti 1996, akazikwa palepale hospitalini. Kwa hiyo hata kabla ya mwaka 2000 watumishi wa Lacor walikuwa na kaburi la kuwakumbusha kwamba damu ya mgonjwa inaweza kumuua daktari.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi waliingia hospitalini wakitaka kuondoka na masista. Dokta Matthew akawaambia wamchukue yeye. Wakamchukua. Kwa wiki nzima alitembezwa porini akiwa na koti lake la udaktari, ndipo wakamwachia. Aliporudi aliendelea na kazi, na usiku milango ya uzio wa hospitali iliachwa wazi ili maelfu ya wanawake na watoto kutoka vijijini wapate pa kulaza ubavu.

Baadaye alikwenda Liverpool, Uingereza, kusomea magonjwa ya watoto ya nchi za joto. Aliwaongoza wenzake, akapewa nafasi ya kubaki kufundisha. Akarudi Gulu. 

Usiku wa mafaili

Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba 2000 Dokta Matthew alikuwa Kampala, akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii Makerere. Msaidizi wake Lacor, Dk Cyprian Opira, akampigia simu: kuna ugonjwa usioeleweka, wanafunzi wa uuguzi wamekufa, na mwingine anatoka damu. Akaacha vitabu, akarudi Gulu siku hiyohiyo.

Usiku ule hakulala. Pamoja na sista aliyesimamia wauguzi alitoa mafaili ya wagonjwa waliofariki karibuni, akayapanga, akayasoma moja moja. Homa, kutapika, kuharisha, macho mekundu, damu kutoka sehemu ambazo damu haitoki. Walipata wagonjwa 17 wenye dalili zinazofanana. Alisoma pia ripoti za Shirika la Afya Duniani, WHO, na za Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kuhusu homa za virusi zinazovujisha damu.

Mtu anayesoma habari za homa hizo huanzia mwaka 1976. Mwaka huo Ebola ililipuka mahali pawili karibu kwa wakati mmoja: Nzara, kusini mwa Sudan, na Yambuku, iliyokuwa Zaire. Yambuku kulikuwa na hospitali ndogo ya misheni iliyotumia sindano zilezile kwa mgonjwa baada ya mgonjwa. Kati ya watumishi wake 17, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa kwa kukosa wa kuifungua. Mwaka 1995 ikawa zamu ya Kikwit, Zaire hiyohiyo, watu 315 wakaugua. Kule mgonjwa mmoja alipasuliwa tumbo bila mtu kujua ana nini, na timu ya upasuaji ikaondoka na ugonjwa mikononi. Mara nyingi ugonjwa huu husambaa baada ya kuingia hospitali, na mara nyingi miongoni mwa wa kwanza kuanguka ni waliofungua mlango.

Kulipokucha alikuwa na jibu lake: hii ni homa ya jamii ya Ebola. Maabara ilikuwa bado haijasema lolote. Kwa utaratibu wa serikali taarifa ilipaswa kupanda ngazi, kutoka hospitali kwenda wilaya, kutoka wilaya kwenda juu, barua ikifuata barua. Dokta Matthew aliruka ngazi. Alimpigia simu moja kwa moja Dk Sam Okware, kamishna wa huduma za afya ya jamii wizarani, akamweleza anachokiona. Timu ikaja kuchukua damu, sampuli zikapelekwa Afrika Kusini, na katikati ya Oktoba majibu yakarudi: ni Ebola, ya aina ile ya Sudan.

Kati ya simu ile na majibu yale ilipita kama wiki moja, na hospitali nyingi zingeitumia wiki hiyo kusubiri. Lacor waliitumia kutenga wodi. Walifuata mwongozo wa WHO na CDC uliokwishaandikwa kwa ajili ya hospitali za Afrika: mlango mmoja wa kuingilia, chumba cha kuvalia, gauni, kofia, barakoa, glavu jozi mbili, viatu vya mpira, beseni la maji ya dawa ya klorini mlangoni. Majibu ya maabara yalipofika yalikuta wagonjwa wameshatengwa na wauguzi wameshajifunza kuvaa.

Gemo

Huko vijijini watu nao hawakuwa wamekaa kimya. Waacholi wana jina la pigo la namna hii: gemo, roho mbaya inayokuja kama upepo, inapiga watu wengi kwa mpigo, kisha inaondoka. Likishatambuliwa, wazee wana amri zake. Mgonjwa anawekwa nyumba ya peke yake, mbali na wengine. Anahudumiwa na mtu aliyewahi kuugua akapona. Nyumba yenye ugonjwa inasimikwa matete marefu ili mpita njia ajue. Watu wanapunguza kutembeleana, ngoma zinasimama. Wataalamu waliofika kutoka ng'ambo walikuta kwamba sehemu kubwa ya kanuni walizokuja nazo ilikuwa imeshatungwa na wazee wa Kiacholi miaka mingi nyuma.

Palipokuwa na tatizo ni kwenye maziko. Maiti huoshwa na jamaa wa karibu, kisha waombolezaji hunawa mikono katika chombo kimoja, ishara ya umoja wa familia. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola una virusi wakati huo kuliko wakati mwingine wowote. Ndivyo msiba mmoja ulivyozaa mingine. Ilibidi serikali ichukue maiti, izike kwa watu waliovaa kinga, na familia zisimame mbali. Kwa watu waliokuwa tayari wamechoshwa na vita, kunyimwa hata kumwosha ndugu kulikuwa uchungu juu ya uchungu. Tunduma nasi tuna Wanyamwanga walio na ndugu pande zote mbili za mpaka, na msiba wa Nakonde ni msiba wa mtaa wetu wa Sogea. Kwa hiyo jambo hili halitupiti mbali.

CDC walifungua maabara ndani ya Lacor ili majibu yasisubiri ndege ya Johannesburg. Wodi ikafika wagonjwa kama 60 kwa wakati mmoja. Wauguzi waliingia kwa kujitolea, na Dokta Matthew aliingia pamoja nao kila siku. Walianza kufa. Alipokuwa akiwazika aliwaambia waliobaki kwamba kazi yao ni wito wa kuokoa uhai, kwamba hatari imo ndani ya wito huo, na kwamba anayehudumu kwa upendo huiona hatari kuwa ndogo. Aliyasema hayo mbele ya makaburi, kwa watu ambao baada ya maziko walirudi kuvaa glavu.

Alfajiri ya Novemba 20

Miongoni mwa wagonjwa waliolazwa alikuwamo muuguzi mmoja wa hospitali hiyohiyo, mwanamume aliyekuwa akihudumia wodi ya Ebola mpaka ikamkamata. Alfajiri ya tarehe 20 Novemba hali yake ilibadilika. Akawa anavuja damu puani na mdomoni, anakohoa, anahangaika, akaing'oa barakoa ya oksijeni, akashuka kitandani. Waliokuwa zamu waliogopa kumkaribia, wakatuma mtu kumwamsha Dokta Matthew.

Alikuja mbio. Alivaa gauni, kofia, barakoa na glavu jozi mbili. Hakuvaa kinga ya macho. Akamshika mgonjwa, akamrudisha kitandani, akambadilishia mashuka yaliyolowa damu, akakaa naye. Muuguzi yule alifariki muda mfupi baadaye. Waliofuatilia mambo wanaamini kwamba dakika zile chache ndizo zilizomgharimu. Kwa wiki sita alikuwa amewafundisha watu kuvaa kila kitu, kila mara, bila kuruka hatua. Akaruka hatua moja, saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu mwenzake alikuwa anakufa.

Siku nne baadaye, tarehe 24, watumishi watatu walikufa kabla ya jua kupanda. Wauguzi wa zamu ya mchana hawakuingia wodini. Watumishi kama 400 walikusanyika kwenye ukumbi wa shule ya uuguzi, na wengi walitaka hospitali ifungwe. Dokta Matthew akaenda kuwasikiliza. Hakuwaficha kwamba wana haki ya kuogopa. Aliwaambia anayetaka kuondoka aondoke, yeye atabaki. Aliwaambia pia kwamba Lacor ikifungwa ataondoka Gulu asirudi tena, na akawakumbusha kwamba aliwahi kujitoa kwa waasi ili hospitali isidhurike. Majadiliano yalichukua saa nyingi. Yaliisha kwa wauguzi kuimba, na zamu ikaendelea. Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe, kwamba virusi vilikuwa vimeshamwingia mwilini.

Jumapili ya tarehe 26 alijisikia mafua. Kesho yake homa ikapanda. Alitumaini ni malaria. Kipimo kikaonyesha ni Ebola, naye akalazwa katika wodi aliyoianzisha kwa mikono yake. Mkewe alikuja kutoka Kampala, alikokuwa na watoto wao watano, na aliruhusiwa kumwona kwa muda mfupi tu, akiwa amefunikwa kinga kutoka utosini hadi nyayo. Waliokuwa naye wanasema aliomba kwamba kama ni kufa, basi awe wa mwisho. Mapafu yakaanza kuvuja damu. Saa saba na dakika 20 usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba akafariki.

Alizikwa siku hiyohiyo, kwa masharti yaleyale aliyoyasimamia kwa wengine: wazikaji ndani ya mavazi ya kinga, dawa ya kuua vijidudu ikimwagwa, waombolezaji wakiangalia kwa mbali. Kaburi lake liko uani Lacor, ubavuni mwa lile la Lucille.

Mlipuko ulitangazwa kwisha mwishoni mwa Februari 2001. Watu 425 walikuwa wameugua, 224 wakafa. Kati ya hao waliougua, 393 walikuwa wa wilaya ya Gulu, 27 wa Masindi na watano tu wa Mbarara, kule ulikopelekwa na askari mmoja aliyesafiri. Lacor pekee ilipoteza watumishi zaidi ya kumi. Idadi ya Masindi na ya Mbarara inaeleza thamani ya simu ya Oktoba 8 kuliko sifa yoyote ya msibani. Gulu ilikuwa na kambi za wakimbizi wa ndani zilizosongamana, jeshi linalohamahama, mabasi ya kwenda Kampala kila siku. Ugonjwa ule ulikuwa na kila sababu ya kusambaa nchi nzima, na haukusambaa.

Waliofuata

Baada yake orodha imeendelea. Mwaka 2007 Ebola ya aina mpya ilizuka Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, na Desemba 4 ikamuua Dk Jonah Kule aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wake, ikipungua siku moja tu kutimia miaka saba tangu msiba wa Lacor. Afrika Magharibi kati ya 2014 na 2015 ilizika wahudumu wa afya zaidi ya 500, akiwamo Dk Sheik Umar Khan wa Kenema, Sierra Leone.

Mwaka 2022 msiba ulifika kwetu. Tarehe 20 Septemba Uganda ilitangaza Ebola ya Sudan wilayani Mubende. Kabla ya tangazo hilo, madaktari walikuwa wameshawapasua na kuwahudumia wagonjwa bila kujua wana nini, kama ilivyokuwa Kikwit. Mmoja wa walioambukizwa alikuwa Dk Mohammed Ali, Mtanzania mwenye miaka 37, aliyekuwa akisomea upasuaji katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala. Alifariki Fort Portal tarehe 1 Oktoba, daktari wa kwanza kuuawa na mlipuko ule. Waziri wa Afya wa Uganda, Dk Jane Ruth Aceng, ndiye aliyetoa taarifa. Mlipuko ulipokwisha Januari 2023, wahudumu wa afya 19 walikuwa wameambukizwa na saba wamekufa. Chanjo ya Ebola inayotumika Kongo ni ya aina ya Zaire, haikuwafaa kitu.

Dk Ali hakupata muda wa kupiga mbiu. Alifia upande wa pili wa kosa lilelile: ugonjwa ulikuwa umekaa vijijini kwa wiki kadhaa, watu wakifa, na taarifa haikupanda upesi. Dokta Matthew alikufa akiwa ameshajua adui ni nani. Mtanzania mwenzetu aliingia chumba cha upasuaji kama daktari yeyote anavyoingia kazini siku ya kawaida. Habari yake ilisomwa kwenye taarifa ya habari siku mbili tatu, kisha ikapita. Hata miongoni mwa watumishi wa afya si wengi wanaolitaja jina lake leo, na hilo ni deni.

Miezi michache baadaye tukawa na mlipuko wetu wenyewe. Tarehe 21 Machi 2023 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza Marburg, ndugu wa damu wa Ebola, mkoani Kagera. Watu tisa waliugua, sita wakafa, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mhudumu wa afya. Januari 2025 ugonjwa ukarudi Kagera, safari hii Biharamulo. WHO ilipotoa taarifa kwamba kuna wagonjwa wanaoshukiwa, jibu la kwanza la serikali lilikuwa kwamba sampuli hazikuonyesha Marburg. Januari 20, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Ghebreyesus, alitangaza kwamba imethibitishwa. Wote kumi waliohesabiwa katika mlipuko huo walikufa. Siku kumi baadaye Uganda ikatangaza tena Ebola, na wa kwanza kutajwa alikuwa muuguzi wa hospitali ya Mulago. Safari hii majaribio ya chanjo ya aina ya Sudan yalianza ndani ya siku chache tu.

Mpaka wetu

Mkoa wetu wa Songwe haujapata Ebola wala Marburg, lakini umeshaonjeshwa namna mambo yanavyokwenda. Mei 2020 Zambia ilitangaza wagonjwa 76 wa Uviko kwa siku moja katika mji wa Nakonde peke yake, ikafunga mpaka kwa siku kadhaa. Malori yaliyokuwa yakisubiri makaratasi sasa yakawa yanasubiri amri ya rais. Upande wetu takwimu za taifa zilikuwa zimekoma kutolewa tangu mwishoni mwa Aprili. Kwa hiyo mtaa mmoja wa watu wanaoazimana chumvi ulikuwa na nusu inayohesabu wagonjwa na nusu isiyohesabu, na afisa afya wa mpakani akawa amesimama katikati na kipimajoto chake. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 Zambia ikapata kipindupindu kikali kilichoua zaidi ya watu 700, na barabara ilikuwa ileile.

Ndiyo maana simulizi la Lacor lina maana kwa mkoa huu kuliko kumsifu marehemu. Dokta Matthew alikuwa jasiri, na ujasiri wake wa kushika mgonjwa anayevuja damu ndio unaokumbukwa zaidi. Kilichookoa watu wengi ni ujasiri wake mwingine, ule wa kupiga simu kabla ya uthibitisho, akiruka wakubwa wake, huku akijua kwamba akikosea atachekwa na akipatia atawatia hofu watu wa mji mzima. Simu ile ingemfikia mtu wa kuipuuza, wodi yake ya kutenga isingetosha. Okware aliipokea na akamwamini. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, wahenga walisema, na wao walizungumza na anayesikia.

Basi kumkumbuka yeye, na Dk Mohammed Ali, na yule mhudumu wa Kagera ambaye jina lake halikutangazwa sana, kuna sehemu mbili. Moja ni kazi ya walimu na waandishi: majina haya yafundishwe kwa wanafunzi wa uuguzi na udaktari wa nchi hii wanapofika mahali pa kujifunza kuvaa glavu, pamoja na habari ya dakika zile chache za Novemba 20. Nyingine ni kazi ya serikali ya mkoa, halmashauri ya mji na wizara. Mtumishi wa zamu Tunduma akimtilia shaka utingo mmoja mwenye homa aliyetoka Kongo, awe na namba ya mtu atakayepokea saa kumi na moja alfajiri na mwenye mamlaka ya kufanya jambo. Awe na vazi kamili la kinga ndani ya kabati lisilofungwa kwa kufuli la mtu aliyekwenda semina. Na akikosea, akute mgonjwa ana malaria ya kawaida, asiadhibiwe kwa kuwahi. Mhudumu aliyekaripiwa mara moja kwa kupiga mbiu isiyo na jambo atafikiri mara mbili safari ijayo, na ugonjwa wa namna hii haumsubiri mtu anayefikiri mara mbili.